Mbuzi Wasiohesabiwa

Garissa, alasiri ya kabla ya safari yako

Hooyo, Abdirizak wangu,

Mama kumwandikia barua mtoto anayelala chumba cha pili ni jambo la kuchekesha, lakini nakusalimu hata hivyo, kwa hilo neno hooyo, 'mama', ambalo mama wa kwetu humwita nalo mtoto wake. Assalamu alaykum, na Mungu akuweke. Umetoka kwenda Iftin kumuaga eeddo, dada ya baba yako, na ninavyomjua hatakuachilia mpaka ule mara mbili, kwa hiyo nina nafasi. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kisomali chetu nakisema tu, hakuna aliyenifundisha kukiandika, na Kiingereza changu cha ofisini ni cha kuombea vipuri vya pampu. Hakifai kumwambia mtoto kwamba unampenda.

Habari ya kufua nguo, kuswali kwa wakati na kuchagua marafiki, baba yako aliimaliza yote kabla ya kuondoka na lori lake kwenda Mandera, kisha akairudia akiwa ameshawasha injini. Mimi nina jambo moja tu, na nitalisema hapa mwanzoni kwa sababu nikianza kulizunguka nitaliacha tena.

Ile hesabu yako ya silanga la Galol, bwawa la maji ya mvua, ina kosa. Maji hayatafika mvua ya Gu, masika yetu. Abti yako Bashir, ndugu yangu wa tumbo moja, amekaa pale na watu wake wote kwa kuitegemea karatasi yako. Wakiendelea kukaa mpaka lile bwawa likauke, wanyama watakuwa wamedhoofu mno, hawataweza kutembea mpaka mto Tana. Na wewe kesho alfajiri unapanda basi la Nairobi kwenda chuo kusomea uhandisi. Nimelijua jambo hili kwa siku kadhaa na nikanyamaza.

Keti, hooyo. Najua umesimama.

Kwanza nikuambie ninachojivunia, maana hakijapungua. Ulipomaliza sekondari ukaambiwa usubiri zamu yako ya chuo, nilikuleta ofisini kwetu, ofisi ya maji, ili usishinde barazani ukitafuna miraa na wenzako. Unaikumbuka ile kompyuta yetu moja, imefunikwa shuka langu la zamani kwa ajili ya vumbi, inayogoma kila jua likipanda? Mimi nilikuwa nimeizoea kama mtu anavyomzoea punda mkaidi. Wewe ulikuja ukaipenda. Nilikufundisha programu ya majedwali na ile nyingine ya kuchora mistari, na kabla sijajua nini kinaendelea, ulikuwa unanifundisha mimi. Tulikuwa tunafika mapema, kabla ya joto na kabla stima haijakatika, na kila ukimaliza jambo dogo unapiga kelele, "Hooyo, weka kwa disketi! Weka kwa disketi!" kana kwamba nyumba inaungua.

Kisha ukaliiga silanga la Galol ndani ya ile mashine. Nilikaa nyuma yako nikitazama. Ulianza na maji yaliyojaa baada ya mvua, ukayaondolea kila siku kiasi kinachopanda na jua na upepo, ukayaondolea kinachonyonywa na udongo, ukayaondolea kinachonywewa na watu na mifugo, kisha ukaiambia mashine irudie hivyo siku baada ya siku. Ukatokea ule mstari wa buluu, ukishuka polepole mpaka chini. Hiyo ndiyo raha ya kazi hii, na hakuna atakayenitoa kwenye raha hiyo: unaweza kulikausha silanga mara mia moja pale mezani na asife hata mbuzi mmoja. Mstari wako uligusa chini baada ya Gu kuanza. Ukauchapisha kwa ile printa yetu inayolia kama cherehani, ukampelekea abti.

Abti akaitia karatasi kwenye nailoni akaipigilia ukutani dukani Galol. Mtu mmoja tu ndiye anayeweza kuisoma kule, na ni mwenye duka. Lakini kila mpita njia anaonyeshwa: kazi ya mtoto wa dada yake Bashir. Nilipoiona nililia. Nilijifanya ni vumbi.

Sasa nije kwenye kosa, na nianze na langu, kwa sababu lako limetoka kwangu.

Hukuwa umezaliwa. Nilikuwa nimerudi kutoka Nairobi kwenye kozi, nimebeba sanduku la disketi kama mtu aliyebeba mayai. Ofisi ilikuwa inajenga kisima cha mashine katika malisho ambayo awoowe yako, baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa anakaa kiangazi. Kazi yangu ilikuwa kuiambia programu ni wanyama wangapi watakunywa, nayo iniambie injini iwe kubwa kiasi gani na mabirika yawe marefu kiasi gani. Mkubwa wangu wakati huo alikuwa mtu wa milimani, mwungwana, hajui Kisomali neno moja. Tukaenda naye mpaka kwa awoowe. Nilimwonea fahari baba yangu siku ile, ameketi kwenye kigoda, anakitafuta Kiswahili chake cha sokoni.

"Mzee, uko na ngamia ngapi?" mkubwa akauliza.

"Ngamia? Kidogo tu, bwana. Ya masiwa ya watoto."

"Kidogo ni ngapi? Kompyuta haijui kidogo."

"Kombyuta haijui," awoowe akasema, akacheka. "Mungu ndiyo anajua. Wewe andika kidogo."

Mkubwa akaendelea kumbana kwa upole, na mwisho awoowe akataja idadi. Hooyo, idadi ile haikutosha hata ngamia niliokuwa nawajua kwa majina. Kisha akanitazama mimi, mwenye kalamu.

Wewe umekulia mjini, kwa hiyo nitakueleza jambo ambalo nilipaswa kukueleza ungali mdogo. Kwetu mtu hasemi idadi ya wanyama wake. Kuitamka ni kuliita jicho la husuda liwaangukie. Ukiulizwa unasema wachache, ukibanwa unataja chochote kilicho mbali na ukweli, na aliye karibu yako ananyamaza. Haihesabiwi kuwa uongo. Hata aliyeuliza, akiwa wa kwetu, anajua kwamba hakujibiwa. Shida ni kwamba mkubwa wangu hakuwa wa kwetu, na kompyuta pia haikuwa ya kwetu.

Ningefanya nini pale? Nimkosoe baba yangu mbele ya mgeni, nimtolee ngamia wake hadharani mmoja mmoja? Niliandika alichosema, na mpaka leo sioni kwamba pale nilikosea. Nilikosea baadaye. Kule ofisini nilikuwa peke yangu na mashine. Hapakuwa na baba wala mgeni. Ningeweza kuandika nilichokuwa nakijua. Vidole vikakataa. Niliionea haya kompyuta! Adabu ilikuwa imenikaa mpaka kwenye kibodi. Nikaandika wachache, programu ikatoa jibu safi lenye nukta na desimali, na nilipoliona limepangika vizuri hivyo kwenye karatasi, hata mimi nikaanza kuliamini.

Injini ikanunuliwa ndogo. Mabirika yakajengwa mafupi. Jilaal ya kwanza, kiangazi kikali, ilipokaza, wanyama walikuja wote, wale waliotajwa na wale wasiotajwa. Ngamia mmoja wa awoowe, jike mwenye mimba, alisukumwa birikani akavunjika mguu, ikabidi achinjwe. Watu wakaja na hasira, na mimi nikatoka na karatasi yangu mkononi. Unajua nilisema nini? Nilisema programu inaonyesha maji yanatosha. Mama mmoja akaniuliza kama programu yangu ina kiu. Watu wakacheka, na mimi nikawakasirikia wao.

Jioni awoowe alinipelekea fungu langu la nyama, kama binti yake. Angenigombeza ningepata pa kujitetea. Nilikula ile nyama kwa sababu ilikuwa lazima niile, na sijapata kumeza kitu kigumu kama kile.

Ilinichukua muda mrefu kuona kwamba jibu nilikuwa nalo tangu utoto. Mimi nimeteka maji, Abdi. Kabla ya shule, kabla ya kalamu, nilikuwa nasimama na ndoo kuwanyweshea mbuzi wa mama yangu, na mikono yangu ilikuwa inajua kundi ni kubwa kiasi gani bila mtu yeyote kutaja namba. Kwa hiyo nikaacha kuuliza "wangapi". Nauliza, nani anateka maji kwenu siku hizi? Wanapokezana au ni mmoja? Mkianza alfajiri, kundi la mwisho linaondoka jua likiwa wapi? Birika linajazwa mara nyingi au linatosha mara chache? Hakuna mtu anayeona haya kusema amechoka. Kulalamika tunapenda sana! Anayelalamika anakupa hesabu yote, na mbuzi wake hawajaguswa na jicho la mtu. Ukirudi ofisini unapima ndoo, unapima muda, unagawanya, na idadi inatoka yenyewe.

Hilo ndilo sikukufundisha. Nilikufundisha jedwali, nikakufundisha kuweka kwa disketi, nikakuacha uende Galol na daftari ukamuulize abti yako uso kwa uso ana mbuzi wangapi. Naye anakupenda, ukiwa mpwa wake na umesoma, akakutajia idadi ya heshima. Ukaiandika kama ilivyo. Wewe hukujua. Mimi nilijua, na nilipokuona unaandika ile namba kwenye jedwali sikuiuliza ilitoka wapi, kwa sababu nilikuwa nimeshughulika na kufurahi.

Sasa nikupeleke Ijumaa iliyopita, abti alipokuja kukuaga. Ulikuwa umekaa naye, akakusomea dua, akakupulizia kichwani, ukaenda kumtafutia sigara. Nikamwuliza habari za nyumbani.

"Wasichana wangu mikono imechanika," akaniambia. "Wanashika ndoo baada ya swala ya alfajiri, na Asr ikiadhiniwa mbuzi bado wanalia birikani."

"Zamani si mlikuwa mnamaliza kabla ya adhuhuri?"

"Zamani hapakuwa na wageni. Silanga la upande wa Modogashe limekwisha, watu wamekuja kwetu. Utamwambia mwenye kiu arudi alikotoka?"

"Na hamfikirii kuhamia mtoni? Mngekuwa mmekwishafika Balambala."

"Mwaka mwingine ningekuwa nimehama," akasema, na akatabasamu jinsi anavyotabasamu akitaja jina lako. "Karatasi ya mpwa wangu inasema tukae."

Ndipo ukarudi na sigara, nyumba ikajaa wageni, eeddo akaanza kukuimbia, na mimi nikaenda jikoni kugeuza anjera ambayo haikuhitaji kugeuzwa.

Kesho yake, Jumamosi, nilimwomba mlinzi anifungulie ofisi. Nikafungua disketi yako. Kwanza niliuongeza ukali wa jua, nikauongeza tena, mstari ukasogea kidogo tu. Nikabadilisha udongo, nikaufanya unyonye zaidi, ukasogea kidogo. Kisha nikaenda kwenye kile chumba cha jedwali chenye mifugo, nikaweka idadi iliyotoka kwenye mikono ya mabinti wa abti, na wageni wao. Mstari uliporomoka. Nilirudia kwa idadi ndogo kuliko hiyo, nikiomba, bado ukaporomoka. Hakuna namna ya kuuhesabu ambayo maji yanafika Gu.

Nataka uyashike hayo niliyofanya, maana ni kitu ninachokupa uondoke nacho. Huko chuoni kompyuta zitakuwa nyingi, na programu zitakazokufanya uicheke yetu. Lakini namba zitakuja zimeshaandikwa ubaoni na mwalimu, safi, hazina baba wala mama. Utazoea. Siku ukirudi kwenye kazi ya kweli, itikise kila namba moja moja, uone ni ipi inayouangusha mstari. Ile inayotikisa kidogo iache. Ile inayoangusha, ondoka kwenye kiti uende ukaitafute ilikotoka: ni nani aliyeisema, mbele ya nani, na kama alikuwa huru kusema ukweli. Mashine haikukudanganya, Abdi. Ilitii kila neno ulilolisema. Usije ukaichukia kwa hili, na usije ukajichukia wewe. Programu uliyoiandika ni nzuri. Mimi sikugusa ndani yake kitu chochote ila ile idadi moja.

Kwa nini sikukuambia Jumamosi ile ile? Nimejiuliza. Nilijiambia mtoto afurahi, atakwenda, nikishamsindikiza nitapanda gari niende Galol niiondoe karatasi ukutani kimyakimya, nimwambie abti kwamba ofisi imepata taarifa mpya. Ofisi! Nilikuwa tayari kuisingizia ofisi kama nilivyowahi kuisingizia programu. Nilitaka uondoke ukiwa hujakosea chochote. Lakini naona ningekuwa nakupeleka chuo cha uhandisi nikiwa nimekuficha jambo pekee ninalolijua kuhusu uhandisi. Na kwa siku zile nilizokaa kimya, mbuzi wa ndugu yangu wamepungua nguvu na mke wake ananyonyesha mtoto mchanga. Haya ni yangu, si yako, na nitamwambia abti hivyo mwenyewe.

Nimekwenda mchana huu kwa Farah, jirani yetu mwenye lori la mchele. Kesho alfajiri anapita barabara ya Modogashe, na amekubali kuchepuka mpaka Galol. Anaondoka saa ile ile ya basi lako. Chuo kimekupa wiki nzima ya kuripoti, nimeisoma tena barua yao. Ukienda Galol utachelewa siku mbili tatu, wenzako watakuwa wametangulia na kuchukua vitanda vizuri, na watu watauliza kwa nini kijana wa chuo ameonekana kwenye lori la mchele. Ukipanda basi, panda bila kinyongo. Nitakwenda mimi, nitawaambia wazee tulikosea, wahamie mtoni sasa wanyama wangali na nguvu, na mapenzi yangu kwako hayatapungua hata tone. Naapa kwa Mungu, hooyo, sisemi hivi kukubana.

Barua hii nitaiweka juu ya viatu vyako, nje ya begi, ili uione kabla hujaondoka. Nimemwambia Farah aweke nafasi mbili mbele. Ukija, sitafungua mdomo kule Galol mpaka uwe umemaliza. Nitakaa chini na wanawake, nifunike uso kwa shuka, niwasikilize watu wakiuliza yule anayesimama mbele ya wazee na kusema "nilikosea" ni mtoto wa nani.

Mimi, hooyo wako